Tafraoute: Kamji ka Milimani Moroko Watu Wanakokapita Tu

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli, leo sina simu wala spika mezani, leo narivyu mji. Mji mzima, ndiyo. Maana nimechoka na video za Moroko ambazo kila mtu ni Marrakech na Chefchaouen, Marrakech na Chefchaouen, ukuta wa bluu, mtu kageuza shingo kapiga picha, video imeisha, hujajua hata watu wa pale wanakula nini.

Tafraoute iko kusini huko, katikati ya milima ya Anti-Atlas. Unatokea Agadir, unapita Tiznit, au unachukua ile njia ya Aït Baha ambayo kona zake acha tu, kama tumbo lako linasumbuka garini wahi siti ya mbele. Mji uko kama mita elfu moja na kitu juu ya bahari, usiku wa Januari na Februari baridi inauma, beba sweta. Mambo ya hoteli na ATM gugo yapo, siwapotezei muda.

Wenyeji ni Waamazigh, hawa ndio Waberberi mnaowasikia, na lugha ya mtaani ni Kitashelhit, Kiarabu kinakuja baadaye. Vibao vya ofisi utaona vina zile herufi zao za Tifinagh, maana tangu katiba ya 2011 Kiamazigh ni lugha rasmi ya nchi pamoja na Kiarabu.

Haya, sasa hiki ndicho kilichonifanya niwashe kamera. Hii chupa. Sogeza kamera hapa. Hii inaitwa amlou. Ni vitu vitatu tu, lozi zilizokaangwa, asali, na mafuta ya argan, yaani ya kokwa za mti wa huku huku. Angalieni hapo juu, mafuta yamejitenga yamepanda, uzito wote uko chini, mtu asiyejua ataona imeharibika, kumbe hiyo ndiyo dalili nzuri! Unaikoroga hivi, taratibu, unatoka chini unapanda juu. Sasa nainua kijiko... mnaona inavyoshuka? Haichuruziki kama maji na haijashikana, inashuka uzi mmoja mnene, inakaa juu kidogo halafu ndiyo inazama. Na harufu yake ina moshi moshi, kwa sababu argan ya kula kokwa zake zinakaangwa kwanza, ile ya kupaka ngozini haikaangwi, kwa hiyo mtu akikuuzia ya kula haina harufu kabisa, muulize maswali.

Na mkate ni huu, tafarnout. Unaokwa juu ya kokoto za moto, ndiyo maana ukiugeuza chini una mabonde mabonde, mnaona? Kila kokoto imeacha shimo lake. Sasa amlou inaingia kwenye hayo mashimo, unakunja, unaweka mdomoni... jamani. Ngoja nimalize. Kuna utamu wa asali halafu nyuma yake chengachenga za lozi, maana iliyosagwa kwenye jiwe la mkono haiwi laini kabisa, ulimi unazihisi. Na chai ya mnanaa pembeni.

Bei sasa. Watu watasema mbona ghali. Lita moja ya mafuta ya argan inakula kama kilo 30 za matunda, na kokwa zile ni ngumu balaa, akina mama wanazivunja moja moja kwa jiwe juu ya jiwe, na mti wenyewe unaota hasa kona hii ya kusini magharibi ya Moroko. Halafu mtu anakuuzia amlou bei ya maji? Hapo umeuziwa karanga na mafuta ya kupikia. Mimi niliuziwa hiyo kwenye duka moja huko mjini, silitaji, ila hasira ninayo mpaka leo. Nunua kwa vikundi vya akina mama, onja kwanza, na ukienda Februari ndiyo milozi inachanua, bonde zima maua meupe na ya pinki, na kunakuwa na sherehe yake kabisa.

Mawe yaliyopakwa rangi, najua mnayasubiri. Yako nje ya mji, msanii wa Ubelgiji Jean Vérame aliyapaka 1984, bluu kubwa kubwa katikati ya graniti, rangi ilipofifia yakapakwa tena. Wengi wanakuja kwa hayo tu, picha, gari, Agadir. Mimi naona mlima ule ulikuwa unajitosheleza, Jebel Lkest ina mita 2,359, jioni jua likishuka miamba yote inawaka pinki, rangi ya nini tena? Ingawa... nikiitazama hii klipu ya saa kumi na mbili, ile bluu ikishaingia kivuli inakaa vizuri na pinki. Sawa, nendeni, ila nendeni jioni, mchana yanaonekana kama plastiki.

Kingine nilichokipenda ni bonde la Ameln. Vijiji vimebandikwa chini ya mlima, nyumba za udongo za zamani juu, chini majumba mapya makubwa yamefungwa. Wenyewe wako Casablanca na miji mingine wanaendesha maduka ya vyakula, wakija kiangazi mji unajaa, ni kama Wachaga na Desemba yao. Kijiji cha Oumesnat kuna nyumba ya kale imefanywa makumbusho, ingia, vyumba vidogo, jiwe la kusagia liko palepale.

Na viatu! Makubadhi ya ngozi, ya njano wanaume, mekundu wanawake, mafundi wanashona mbele yako. Kwa soko kubwa nenda Jumatano.

Kwa hiyo Chefchaouen au Tafraoute? Tafraoute, bila kufikiria, kama una gari. Huna gari, basi za huko ni chache, panga safari mapema.

Ile laivu ya kamera nimeisogeza Jumapili usiku, subskraibu ili ikupate. Video inayofuata ni Aït Mansour, korongo la mitende kusini ya hapa, tunashuka nalo kwa miguu. Ngoja kwanza nimalize huu mkate.