Fundi wa kuhamisha santuri, Mwanjelwa: nyota nne, ya tano imeondoka na mluzi

Kama una santuri za wazee zimelala uvunguni, kuna kijana Mwanjelwa, hapa Mbeya, anazihamishia kwenye flashi. Kibanda chake hakina jina. Kipo kwenye safu ya mafundi simu, utakijua kwa turubai la bluu na spika mbili zilizochubuka mlangoni. Nilimpelekea santuri tatu mwezi wa sita, zote za marehemu baba.

Baba alikuwa mpishi wa padri mmoja Mbelgiji, upande wa Rungwe. Padri aliporudi kwao alimwachia gramafoni, koti zito na hizo santuri, zote za mwimbaji mmoja. Gramafoni ilikufa, koti tukalivaa kwa zamu mpaka likaisha. Santuri zikabaki, na mluzi ukabaki. Maana huyo mwimbaji alipiga mluzi ndege akasome, na baba aliuiga wote, kona kwa kona. Alipiga akimenya ndizi, akapiga akikamua ng'ombe. Giza likiingia mama alikuwa anamkatisha: "Baba nanihii, unatuitia nyoka."

Alituambia mwimbaji anaitwa Nyani. Tukacheka, tukajua ni maneno yake tu. Kumbe hakutudanganya. Jina la kuzaliwa ni Modest Schoepen, mzaliwa wa Boom, jirani na Antwerp, mwaka 1925. Jina la jukwaani ni Bobbejaan, alilitoa kwenye wimbo wa Afrika Kusini, na kwa Kikaburu bobbejaan ndiye nyani. Mtu mzima na akili zake anapanda jukwaani anajiita Nyani, na watu wanakata tiketi! Lakini alikuwa mchekeshaji pia, kwa hiyo jina lenyewe lilishamfanyia nusu ya kazi. Aliimba kwa Kiholanzi cha kwao Flanders, gita mkononi, mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwaka 1957 Ubelgiji ilimpeleka kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kule Frankfurt. Akapiga mluzi mbele ya Ulaya nzima, akaambulia pointi 5. Uholanzi iliyoshinda ilipata 31. Baba angesema majaji walikuwa na nta masikioni.

Mimi nampenda kwa jambo lingine. Hela ya nyimbo aliifukia kwenye tope. Alinunua kinamasi huko Lichtaart, akajenga ukumbi wa maonyesho, akaufungua mwishoni mwa 1961, na pale pakakua mpaka pakawa uwanja mkubwa wa michezo, mabembea na mitambo ya kurusha watu tumbo juu. Akapaita Bobbejaanland. Nchi ya Nyani! Alikuja kupauza mwaka 2004 kwa kampuni ya Kihispania, akafariki Mei 2010, siku moja baada ya kutimiza miaka 85. Nawafahamu wanamuziki wa hapa hapa Mbeya ambao hela yao yote iliishia kwenye rimu za gari.

Turudi kwa fundi. Bei ni shilingi 8,000 kwa santuri, flashi uje na yako. Ana mkono wa upole. Aliziosha kwa maji na sabuni kidogo, akipita pembeni ya karatasi ya katikati isilowe, akazifuta kwa kitambaa laini na kuzisimamisha zikauke. Tena ni mkweli. Aliniambia santuri haiharakishwi, upande wa dakika 20 unaingia kwenye kompyuta kwa dakika 20, kwa hiyo nisimsumbue kwa simu. Sikumsumbua. Siku ya tatu nikachukua mzigo. "Mama, nimekusafishia, hutasikia hata mkwaruzo mmoja."

Kweli sikusikia. Nimefika nyumbani Uyole, nimechomeka flashi kwenye redio, sauti safi, gita safi. Ikafika sehemu ya mluzi, nikasikia kitu kama upepo kwenye mdomo wa chupa. Nikarudisha nyuma, upepo ule ule. Programu yake ya kusafisha sauti ilikuta mikwaruzo na mluzi vimekaa pamoja, ikafagia vyote.

Kesho yake nikapanda daladala. "Shikamoo mama, kuna shida?" Nikamwambia mluzi hauonekani. "Mluzi upi mama? Kuna sehemu zilikuwa zinapiga kelele nyembamba, nikadhani santuri imeharibika." Basi mimi, mwalimu mstaafu, na mtandio wangu kichwani, nikasimama mlangoni nikaupiga, kona kwa kona kama alivyokuwa anaupiga baba. Mafundi simu wakaacha kazi. Mmoja akauliza kama nafundisha.

Alirudia zote tatu bila kudai hata mia, na hakununa. Sasa inasikika kama vitumbua vinakaangwa nyuma ya wimbo, na juu ya vitumbua mluzi unapita mzima. Dada yangu nilimtumia kwa simu, yuko Tunduma, akanipigia akawa haongei.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu alisafisha bila kuniuliza, na kwa sababu kibanda hakina hata kigoda cha mteja. Jumapili hafungui. Ukienda, kabla hujamkabidhi mwambie asisafishe kitu, akupe na mikwaruzo yake, usafi mtaongea baadaye.