Kipimo cha BRCA: nyota nne, ya tano imeondoka na ile imeili

Nilienda nikijua ninachotaka, niteme mate kwenye kichupa, nisubiri, niambiwe kama nina BRCA iliyoharibika, zile jeni mbili (BRCA1 na BRCA2) ambazo zikiharibika zinaleta hatari ya kurithi ya kansa ya titi na ovari, ama sina, nirudi zangu. Kumbe yule dada mshauri wa jenetiki alinikalisha karibu saa nzima anachora ukoo wetu kwenye karatasi, viduara wanawake, vimraba wanaume, nani aliumwa nini akiwa na miaka mingapi. Nikamwambia upande wa mama wako salama, ila shangazi alitolewa titi ana miaka 38 na bibi mzaa baba alifariki tumbo limejaa maji, wakasema kansa ya ovari. Nikaongeza kwa kujiamini kabisa, lakini hao ni upande wa baba, kwa hiyo hainihusu sana eti? Akatabasamu tu. Yani miaka yote kwetu tunaamini kansa ya titi inapitia kwa mama, kumbe baba anaibeba vilevile, na akiwa nayo kila mtoto, wa kike na wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi.

Halafu akagoma kunipima. Kweli tena! Anataka kwanza shangazi. Nilikasirika nikaona napigwa danadana, ila nilipotulia nikamwelewa: ukimpima mzima kwanza na usikute kitu, hujui kama yeye hajarithi au tatizo la ukoo liko kwenye jeni nyingine ambayo hamjaigusa. Ukimpima aliyeugua ukalipata lile badiliko lenyewe, waliobaki mnatafutiwa hilo hilo moja na jibu linakuwa jibu. Shangazi akatoa damu, ikaonekana BRCA1 yake imeharibika. Akafuata baba, naye anayo.

Hapo ndo nikaanza kusoma usiku badala ya kulala. Kuna mwanasayansi Mmarekani anaitwa Mary-Claire King, tangu miaka ya 70 alikuwa anafuatilia familia kama yetu wakati wengi hawaamini kama jeni moja inaweza kuleta kansa ya titi kwenye ukoo, akaja kuona ishara inatokea kwenye zile familia ambazo wanawake waliumwa mapema, na 1990 akatangaza iko kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ilipatikana 1994, BRCA2 mwaka uliofuata. Nikakumbuka yule dada alivyoipigia mstari ile 38 ya shangazi mara mbili.

Namba zenyewe hazibembelezi. Mwanamke mwenye BRCA1 iliyoharibika, mpaka afike miaka 80 uwezekano wa kansa ya titi ni kama asilimia 72, ovari kama 44. Na ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuiwahi mapema, ndo maana wenye nayo wanashauriwa kutoa mirija ya uzazi na ovari wakimaliza kuzaa.

Msichanganye huduma hii na vile vikiti vya kutema mate nyumbani ujue asili yako. Kile cha kampuni ya 23andMe kilichoruhusiwa Marekani 2018 kilikuwa kinaangalia mabadiliko matatu tu, yale yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wakati yanayojulikana kwenye BRCA ni zaidi ya elfu moja. Unaambiwa "hakuna" unalala usingizi wa bure.

Sasa hiyo nyota. Jibu la baba lilitumwa kwa imeili Ijumaa jioni, kabla mtu hajampigia, lugha ya maabara tupu. Mzee akasoma peke yake akajua ana kansa. Wikiendi nzima hakusema na mtu, tukadhani kagombana na mama. Jumatatu ndo yule dada akapiga, akamweleza taratibu kwamba hiyo ni hatari ya kurithi sio ugonjwa, na kwamba aanze kufuatilia tezi dume. Hiyo simu ndo ilitakiwa itangulie, basi, sio jambo la kuhitaji mtaalamu.

Mimi yangu ilitoka safi. Nililia pale pale kwenye kiti, nikamfikiria shangazi, nikaona aibu kufurahi.

Kaka bado hajaenda, anasema yeye hana matiti. Ana mabinti wawili. Namba ya yule dada nimemtumia mara tatu, tiki za bluu naziona.