Kipimo cha jeni: Ufaransa imefunga mlango, Marekani imeuacha wazi nusu

Nchini Ufaransa, mtu akijiagizia kipimo cha jeni nje ya tiba, utafiti au amri ya mahakama, anaweza kutozwa faini ya yuro 3,750. Wapo wanaoagiza kutoka nje kimyakimya, bila shaka.

Marekani ilianza kwa ukali. Novemba 2013 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliitaka 23andMe, kampuni inayopima jeni za wateja kwa mate yao, iache kuuza ripoti za afya zisizoidhinishwa. Baadaye ikalegeza: mwaka 2017 iliruhusu ripoti za hatari ya maradhi 10, na 2018 kipimo cha BRCA, jeni zinazohusiana na saratani ya matiti. Hapo ndipo penye utata. Kipimo kile kilitazama mabadiliko 3 tu ya jeni hizo, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ilhali yanayojulikana yanazidi 1,000. Mwanamke akijibiwa kwamba hana hata moja, ni rahisi kudhani amesalimika, kumbe mengine yote hayajaguswa.

Hata hivyo, kwa ubora wa vipimo naona kukagua ripoti mojamoja kunashinda marufuku. Kwa faragha, sivyo. Sheria ya GINA ya 2008 inawazuia waajiri na bima ya afya kumbagua mtu kwa jeni zake, lakini bima ya maisha haimo. Na 23andMe ilipoomba kinga ya kufilisika Machi 2025, data za wateja zikawa sehemu ya mali ya kuuzwa, pamoja na siri za ndugu zao ambao hawakutema mate popote.