Mhusika wa gemu: kitufe kimoja cha jinsia, au kila kitu kivyake?

Gemu nyingi za zamani zina kitufe kimoja: mwanamume au mwanamke. Ukishabonyeza, mwili, sauti na jinsi unavyotajwa vinafuata. Baldur's Gate 3 ya 2023 huvitenganisha. Cyberpunk 2077 ya 2020 iko katikati, sauti ndiyo huamua utajwe vipi.

Kwa gharama, kitufe kimoja hushinda kwenye Kiingereza. Sentensi inayomtaja mchezaji hurekodiwa mara mbili, ya "he" na ya "she". Ukiongeza "they", ya asiyetaka "he" wala "she", ni mara tatu, na kitenzi nacho hubadilika. Kiswahili kinatubeba hapa: "amefika" ni ya wote, rekodi moja inatosha.

Mtego wetu uko kwenye kaka, dada, bwana, bibi. Ukitunga gemu ya Mwanza na mvuvi wa Kirumba akasema "karibu, dada", programu imejuaje kuwa mchezaji aitwe dada? Funga maneno hayo kwenye kigezo kimoja cha kuitwa, yaani chaguo la mchezaji la jinsi atakavyoitwa, kamwe si kwenye mwili, la sivyo mhusika ataitwa dada mwaloni na kaka sokoni. Au andika "ndugu" na "mgeni", kazi ipungue.

Nguo je? Kila vazi lipimwe kwenye miili yote, njia yoyote utakayochagua.

Kwenye banda la gemu la Igoma, unapolipia muda, kitufe kimoja kinakuokolea dakika. Kwa hadithi ndefu ya kuchezea nyumbani, ambako utaitwa mara mamia, kutenganisha kuna faida.