"Haijaguswa": pikipiki ya mkononi niliyonunua kwa hasira

Naandika nikiwa bado nina hasira, mnisamehe. Anayetaka kujua tanki linabeba lita ngapi aende dukani akaulize. Mimi nina habari ya pistoni.

Nauza mayai hapa Dar es Salaam. Nayatoa Chanika, nayashusha kwa wateja Gongo la Mboto na wengine kule Tazara. Miaka yote nilikuwa nakodi bodaboda, mpaka mwaka juzi, mvua za vuli zimeanza, nikakaa chini na daftari nikaona hela ninazotoa zinamnunulia mtu mwingine pikipiki. Nikaamua na mimi ninunue Boxer 150. Hilo halikunisumbua kichwa, maana spea zake haziadimiki na hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua usiku kwa tochi. Kilichonisumbua ni mpya au ya mkononi. Mpya dukani ilikuwa 2,900,000. Mimi mkononi nilikuwa na 1,800,000.

Nikaunganishwa na dalali. Nikaenda na mtoto wa kaka yangu, ndiye angeiendesha. Tulipatana saa nne, tukafika kabla. Nikaweka kidole kwenye injini, nikakitoa mbio: ya moto. Mbona ya moto? Ametoka kuiosha, anasema. Sasa pikipiki inaoshwa mpaka injini inachemka? Nikauliza tena. Akanipa kisogo, akamgeukia kijana wangu, ambaye mfukoni hana hata nauli ya kurudia:

"Bro, ongea na shangazi yako. Hii siyo kitenge ya kupapasapapasa."

Waliokuwepo wakacheka. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikataka waone kwamba hela ninayo. Nikahesabu 1,700,000 mbele yao, noti moja moja. Ujinga huo ni wangu, nausema mwenyewe kabla hamjaniambia.

Aliapa vitu viwili. Kwamba ilikuwa ya mwalimu, ya kwenda shule na kurudi, na kwamba injini haijaguswa. Ya mwalimu! Nilipoitazama nyumbani kwa utulivu, mpira wa pedali za abiria ulikuwa umelika hadi chuma kinang'aa, na siti imebonyea nyuma kuliko mbele. Waya wa spidi ulikuwa umekatika, kwa hiyo zile kilomita 19,000 kwenye dashibodi zilikuwa zimesimama tangu enzi hizo. Bodaboda wa mjini kumaliza kilomita 100 kwa siku ni jambo la kawaida, pigeni hesabu wenyewe. Kadi sina la kusema, ilikuwa safi, namba ya chesisi na ya injini zilioana, na TRA tulibadilisha jina bila usumbufu. Hapo simsingizii.

Wiki ya tatu hivi, kijana akapiga simu kutoka mlima wa Pugu. Imekata nguvu, inatoa moshi wa buluu, trei 18 ziko nyuma. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kayafunika mayai kwa koti lake, jua linawaka. Trei tatu zilikuwa zimevunjika aliposimama ghafla, na ute ulikuwa unachuruzika mpaka kwenye namba ya nyuma. Tukaisukuma.

Fundi alianza kwa kumwaga oili. Ikashuka polepole kama uji wa ulezi uliopoa. Akacheka. Ile ni oili ya giaboksi, anasema, wanaitia ili injini isigonge na moshi ufiche uso kwa siku mbili tatu, na wanaipasha moto kabla mteja hajaja kwa sababu asubuhi ikiwa baridi ndipo inaposema ukweli. Kisha akafungua bloku, lile pande la injini lenye silinda, akachomoa pistoni, akaipangusa kwa kitambaa na kukwangua masizi kwa kucha.

"Soma hapo, mama."

Imegongwa namba: 1.00.

Kwa wasiojua kama nilivyokuwa sijui: silinda ikilika inachongwa, tundu linapanuka, inawekwa pistoni kubwa kidogo. Inaanza 0.25 ya milimita, inakuja 0.50, 0.75, halafu hiyo 1.00. Ikifika hiyo hakuna tena cha kuchonga, unanunua bloku nyingine. Labda haikufunguliwa mara nne, maana kuna mafundi wanaoruka saizi, lakini haijaguswa? Niliondoka na 340,000 pungufu, bloku, pistoni, ringi, valvu, cheni ya taimingi na ufundi. Nikatangaza kwa kila mtu Chanika: nunueni mpya, kama hamna hela tembeeni kwa miguu.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika upya. Baada ya mwaka na kitu niliiuza 1,450,000. Ukijumlisha na matengenezo, nimepoteza 590,000. Tuseme laki saba na mayai na siku nilizorudi kukodi. Jirani yangu alinunua mpya ya aina hiyohiyo karibu wakati mmoja na mimi, kaitunza, kaiuza 1,900,000. Milioni nzima imekwenda, na hajavunja hata yai moja. Mpya ukiifunga namba tu na kutoka nayo getini, imeshakuwa ya mkononi. Kwa hiyo kwenye daftari yule mshenzi ndiye aliyenipa biashara nzuri, na sitaki kulikubali.

Ila hiyo 1,450,000 sijawaambia nimeipataje.

Mteja wa kwanza aliletwa na dalali. Yuleyule! Hakunikumbuka. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye eksozi, akaminya siti. "Mama, hii ilikuwa bodaboda, ona pedali." Nikamwangalia tu. Akainama kwenye injini. "Na imefunguliwa, bolti zina alama za spana." Nikamwambia ndiyo, ina bloku mpya, risiti hizi hapa. Risiti hakuzigusa. "Ndipo bei inaposhuka hapo. Milioni moja na laki moja." Ilipokuwa na pistoni ya mwisho ilikuwa haijaguswa, bei juu. Nimeiponya, bei chini. Nikamwambia aondoke, na maneno mengine ambayo hayaandikiki.

Wa pili alitoka Kisarawe, kijana mpole, amefika saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye tanki. Akashika injini kwanza kuona kama ni ya baridi. Nikampenda papo hapo. Akapiga kiki moja, ikawaka, haina moshi. Akauliza: "Imewahi kufunguliwa?"

Risiti zilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa kaka yangu akadakia: "Haijaguswa, bro."

Nikaingia ndani kutafuta kadi.