Programu ya majaribio ya mchezo wa vigari: hodari kwa mitambo, dhaifu kwa abiria

Kwa miezi minne nimeitumia programu hii kujaribu mchezo wa bustani ya burudani ambao abiria wanne hukaa katika kigari kimoja, wakapitishwa gizani juu ya reli huku wakipiga shabaha kwa bunduki za mwanga na kuhesabiwa alama. Kazi yake ni kuigiza vigari, reli, vihisi na bunduki, ili kompyuta ya udhibiti iliyo juu ya meza ifanye kazi kana kwamba imeunganishwa na mitambo yenyewe. Faida yake ni kubwa, kwani kosa linalogunduliwa mezani husahihishwa kabla ya saa ya chakula, ilhali kosa hilohilo likigunduliwa ndani ya jengo huwasimamisha mafundi wa umeme, wa reli na wa skrini kwa pamoja.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi inavyotenganisha usalama na burudani. Katika michezo ya aina hii reli hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa kuwa na kigari kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayelinda kanuni hiyo ni PLC ya usalama, yaani kompyuta ya viwandani inayodhibiti mitambo, wala si kompyuta inayohesabu alama. Nilipokata mawasiliano ya kihisi kimoja katikati ya safari, niliona kwenye skrini breki ya kipande cha nyuma ikifunga na kigari kilichokuwa kinafuata kikisimama, kama inavyotakiwa, kwa sababu taarifa iliyopotea lazima ichukuliwe kuwa ni hatari. Kisha nikabonyeza kitufe cha dharura, nikawasha upya, na hapo ndipo kosa letu wenyewe lilipojitokeza: abiria wapya walianza safari wakiwa na alama za waliowatangulia. Programu iliniwezesha kulirudia tukio hilo hatua kwa hatua, hadi nikapata mstari wa msimbo uliosahau kufuta hesabu.

Udhaifu wake uko kwa abiria wake wa kuigiza, ambao wana adabu kupita kiasi. Hupiga mmoja baada ya mwingine, kwa kupokezana, na kila mmoja hulenga shabaha iliyo mbele yake. Yeyote aliyewahi kuwatazama watoto ndani ya kigari anajua kwamba wote wanne hushikilia vitufe kwa pamoja, mmoja akaziba lenzi kwa kiganja, mwingine akampiga mwenzake, na aliye mdogo zaidi asiguse chochote. Ilinibidi niandike skripti yangu ya kuiga fujo hiyo, na siku ya kwanza tu ikafichua kwamba bunduki mbili zikipiga shabaha moja ndani ya picha moja ya skrini, yaani takriban milisekunde 17 kwa skrini ya picha 60 kwa sekunde, ni mpigaji mmoja tu aliyepewa alama. Mtoto aliyelenga sawasawa hujua kwamba amepata, na kumnyima haki yake ni kumharibia safari nzima.

Upungufu huo huzidi pale kazi za abiria zinapotofautiana. Mchezo wa Millennium Falcon: Smugglers Run, uliofunguliwa Disneyland mwaka 2019, huchukua abiria sita: marubani wawili, wapigaji wawili na mafundi wawili, na rubani mmoja husogeza chombo kushoto na kulia huku mwenzake akikipandisha na kukishusha. Programu hii inamjua abiria wa aina moja tu, mpigaji, kwa hiyo singeipendekeza kwa kazi kama hiyo.

Mwongozo wake unaeleweka, na ripoti zake zinatosha.

Kwa timu inayojenga mchezo wa kupiga shabaha, ningeinunua tena kwa ajili ya majaribio ya udhibiti na usalama, mradi bajeti iwe na muda wa kuandika abiria wasio na adabu. Nimewaandikia watengenezaji nikiwaomba waweke abiria wa namna hiyo katika toleo lijalo; kwa sasa skripti yangu ya watoto wanne huendeshwa kila usiku, na kila asubuhi mimi huanza kazi kwa kusoma ilichokivunja.