Hadubini iliyotumika kutoka duka la vifaa vya maabara, Moshi: inavyofaa kwa uchunguzi wa amiba wenye gamba

Hadubini hii ya macho mawili, ambayo duka liliifanyia matengenezo kabla ya kuiuza, niliinunua mjini Moshi kwa ajili ya kazi moja mahususi, yaani kuchunguza amiba wenye gamba (viumbe vya seli moja) wanaopatikana kwenye matope ya mifongo, mifereji ya asili ya umwagiliaji ya huku Kibosho, na kuamua kama spishi isiyofahamika vizuri imewekwa katika jenasi, yaani kundi la spishi zenye ukaribu, inayostahili. Tathmini yangu inaihusu kazi hiyo. Anayetaka kuonyesha wanafunzi seli za kitunguu hahitaji kuwa mkali kama nilivyokuwa.

Amiba wa jenasi Difflugia hujenga gamba kwa kubandika chembe za mchanga, ilhali wale wa Euglypha hutengeneza vigamba vya silika, madini yaliyo pia kwenye kioo, ndani ya seli yao wenyewe. Spishi nyingi zilielezwa katika karne ya 19 kwa michoro michache, na nyingine zimelazimika kuhamishiwa jenasi nyingine baadaye. Difflugia corona, iliyoelezwa na Wallich mwaka 1864, siku hizi huitwa Netzelia corona. Gamba lake ni la mviringo, mdomo wake una meno, na mara nyingi upande wa nyuma una miiba. Mwaka 1916 Jennings, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba idadi ya meno na miiba hiyo hurithiwa lakini pia hutofautiana miongoni mwa wazao wa mzazi mmoja. Kwa hiyo gamba moja halitoshi kuhamishia spishi. Ni lazima kupima magamba mengi, na hapo ndipo ubora wa hadubini unapojulikana.

Lenzi ya 10 na ya 40, yaani zinazokuza mara 10 na mara 40, zimenifurahisha sana. Picha ni safi hadi karibu na ukingo, na fundi wa duka alikuwa ameondoa ukungu wote kwenye vioo. Ninaliweka gamba ndani ya tone la glisarini, ninalifunika, kisha ninausukuma ukingo wa kioo cha kufunikia kwa ncha ya sindano, taratibu, mpaka gamba libingirike na mdomo uelekee juu. Hapo skrubu ndogo ya kulengea inapaswa kutii kila mguso, na hii inatii: meno ya mdomo yanajitokeza moja baada ya jingine bila picha kuruka. Tundu la mwanga chini ya meza nalo linafunguka na kufungwa vizuri, jambo la lazima kwa magamba angavu ya Euglypha, ambayo hupotea kabisa mwanga ukizidi.

Lenzi ya 100 ya mafuta, inayotumiwa na tone la mafuta juu ya kioo, sikuridhika nayo kwa kazi hii, ingawa yenyewe haina kasoro. Lenzi hiyo inalazimika kusogea karibu mno na kioo, na gamba la Difflugia, ambalo laweza kuzidi maikromita 150 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), likiwa limesimama ndani ya glisarini, sehemu zake za chini hazifikiki. Isitoshe, muuzaji alisifu sana kwamba kwa lenzi za macho za 16 hadubini inakuza mara 1,600. Sifa hiyo haina msingi, kwa sababu ukuzaji huo haukuongezei chochote cha kuona. Unapanua ukungu uleule. Saruji inayounganisha chembe za mchanga, ambayo ni ushahidi muhimu katika kutenganisha jenasi, huonekana barabara kwa hadubini ya elektroni, na hakuna hadubini ya mwanga itakayoziba pengo hilo.

Lalamiko langu kubwa ni kwamba hadubini iliuzwa ikiwa na rula ndani ya lenzi ya jicho, lakini bila slaidi ya kuisanifishia, yaani kioo chenye mistari ya vipimo vinavyojulikana cha kulinganishia rula hiyo. Kwa lenzi ya 40 kizio kimoja cha rula yangu ni maikromita 2.5, lakini bila kuhakikisha thamani hiyo kwa kila lenzi, vipimo vyote ni vya kubahatisha, na spishi haihamishwi kwa kubahatisha. Duka lilipaswa kulisema mapema. Ilinibidi kuagiza slaidi hiyo kwingine.

Kwa mwalimu au mtafiti wa Moshi na Arusha ninaipendekeza, mradi aombe punguzo kwa kuiacha lenzi ya 100. Aende dukani na slaidi yake yenye gamba lililokwisha kupimwa, aliangalie kwa lenzi ya 40, na azungushe skrubu ndogo pande zote mbili kabla ya kulipa.